Kalamu ya risasi isiyo na risasi: historia fupi ya vifaa vya kuchora, na jinsi ya kuvichagua

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya seva, simu na lugha za programu. Leo naomba radhi, tunapumzika kidogo. Nitaandika kuhusu penseli, rula na karatasi. Usiondoke bado! Mwishoni utaona kwamba mambo haya yana uhusiano mkubwa na kazi yetu ya tarakilishi kuliko nilivyodhani mimi mwenyewe.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana mdogo wangu wa kike alijiunga na chuo kimoja cha kiufundi kusomea uchoraji wa majengo. Alipewa orodha ndefu ya vifaa: penseli za aina nne, rula ya T, sekwea mbili, bikari (wengi wetu tunaiita kompasi), rula ya vipimo, karatasi za A2, karatasi za kunakilia, kalamu za wino na kadhalika. Nyumbani mimi ndiye "mtu wa kompyuta", kwa hivyo iliamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayejua cha kununua. Kumbe sikujua lolote. Nilishuka mjini, nikaingia duka la kwanza, nikachukua kila kitu cha bei ya chini. Nilibaki na karibu nusu ya pesa na nikajiona mjanja sana.

Baada ya wiki tatu akanipigia simu analia. Michoro yake miwili ilikuwa imerudishwa. Kuta za nyumba aliyoichora hazikukutana kwenye kona, na mwalimu alimwambia kwamba yeye ni mzembe na pengine kozi hii si yake. Mimi namjua huyu msichana. Ni mtu wa kupanga hata viatu kwa mstari. Nikampeleka kwa Mjomba, ambaye alikuwa mchora ramani Nairobi kwa miaka mingi. Mjomba hakuangalia michoro hata kidogo. Alichukua sekwea yake, akaigeuza mara moja, akacheka. Alichokifanya nitakieleza hapo chini. Kabla ya hapo, twende kwenye historia, kwa maana tangu siku ile nimekuwa nikisoma kuhusu vifaa hivi na sijaweza kuacha.

RISASI AMBAYO SI RISASI

Wazee wetu waliita penseli "kalamu ya risasi". Wajerumani nao huiita kijiti cha risasi. Cha ajabu ni kwamba ndani ya penseli hamna risasi. Kosa hili lina umri wa zaidi ya miaka 400.

Katika karne ya 16, huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, kulipatikana mwamba wa kitu cheusi, laini, kinachoacha alama kwenye kila kinachoguswa. Wenyeji walikitumia kutia alama kondoo wao. Kwa kuwa kilifanana na risasi, watu walikiita risasi nyeusi. Kilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kukikata kwa msumeno kuwa vijiti, ukavizungushia uzi au ukavitia ndani ya mti, na tayari una penseli. Mwaka 1565 msomi wa Uswisi, Conrad Gessner, alichapisha kitabu chenye mchoro wa kifaa cha namna hiyo.

Ilibidi kungoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1770 ndipo mwanakemia Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha kwamba kitu hicho ni aina ya kaboni, ndugu wa makaa na almasi. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akakipa jina la grafiti, kutoka neno la Kigiriki la kuandika. Lakini jina la zamani lilikuwa limeshaota mizizi. Ndiyo maana hadi leo mzazi akimwona mtoto anatafuna penseli husema "utakula risasi!" Hatakula risasi, mama. Atakula kaboni na udongo. (Rangi ya nje ni jambo lingine, hasa kwenye penseli za zamani, kwa hivyo bado asitafune.)

Usidhani grafiti ilikuwa kitu cha watoto wa shule. Ilitumika kupaka ndani ya kalibu za kumiminia makombora ya chuma ya mizinga, kwa hivyo ilikuwa mali ya kijeshi. Mgodi wa Borrowdale ulilindwa na watu wenye silaha, na mwaka 1752 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaadhibu vikali wezi wa grafiti.

VITA VILIVYOTULETEA "HB"

Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani. Wafaransa wakajikuta hawana grafiti ya Borrowdale, na jeshi lao, wahandisi wao na wachora ramani wao wote walitumia penseli. Lazare Carnot, aliyekuwa akisimamia mambo ya vita, akamwita mtu mmoja aitwaye Nicolas-Jacques Conté.

Huyu Conté angefaa sana katika ulimwengu wetu wa programu. Alikuwa mchoraji wa picha, akawa mvumbuzi, akashughulika na maputo ya kijeshi, na alipoteza jicho moja katika mlipuko wa majaribio yake. Mwaka 1794 alipewa tatizo, na mwanzoni mwa 1795 alikuwa na hataza ya suluhisho. Alisaga grafiti duni kuwa unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akaifinyanga kuwa vijiti, kisha akavichoma kwenye tanuri kama vyungu.

Jambo la maana hapa si kwamba alipata mbadala. Alipata kitu ambacho grafiti ya asili haikuwa nacho, yaani uwezo wa kurekebisha. Ukizidisha udongo, penseli inakuwa ngumu na mstari wake unapauka. Ukizidisha grafiti, inakuwa laini na mstari unakuwa mweusi. Kwa lugha yetu, Conté aliweka kigezo mahali ambapo zamani kulikuwa na thamani moja tu isiyobadilika.

Kutoka hapo ndipo zilipotoka herufi unazoziona kwenye penseli. H ni ugumu, B ni weusi, HB iko katikati, na F iko kati ya HB na H, yenye ncha inayokaa ikiwa nyembamba. Kipimo kamili kutoka 9H hadi 9B kina daraja 20. Kampuni ya Hardtmuth ya Austria ilichangia sana kueneza mfumo huu. Mwaka 1889 ilionyesha mjini Paris penseli yake ya Koh-i-Noor, iliyopakwa rangi ya njano na kupewa jina la almasi maarufu. Penseli ikauzwa ghali na ikapendwa, na wengine wakaanza kupaka zao njano ili zionekane bora. Basi mtindo wa kuiga kifurushi ili kuuza bidhaa haukuanza jana.

Kuna jambo jingine nililolipenda. Miaka hiyohiyo, Mfaransa mwingine, Gaspard Monge, alikuwa akifundisha njia ya kuchora kitu chenye pande tatu kwenye karatasi bapa kwa kutumia mwonekano wa mbele na wa juu. Njia hiyo ilikuwa imefichwa kama siri ya kijeshi kwa miaka mingi, na kitabu chake kikatoka 1799. Monge na Conté wote wawili walikwenda Misri na Napoleon mwaka 1798. Yaani aliyetupa penseli ya kisasa na aliyetupa uchoraji wa kiufundi wa kisasa walikanyaga bara letu katika msafara mmoja.

MTI WA KWETU

Hapa ndipo niliposhtuka. Penseli nzuri inahitaji mti unaochongeka bila kupasuka, ulionyooka nyuzi zake. Kwa muda mrefu mti huo ulikuwa mwerezi mwekundu wa mashariki mwa Marekani. Ulipoanza kuadimika mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilitafuta kwingine. Wamarekani wakahamia mti mwingine wa California. Na wengine wakaja kwetu.

Ule mti tunaouita mtarakwa (Wakikuyu husema mũtarakwa, Wamaasai husema oltarakwai) unajulikana huko nje kama mwerezi wa penseli wa Afrika. Jina lake la kisayansi ni Juniperus procera. Unaota kwenye misitu yetu ya juu, Nyandarua, Mau na mlima Kenya. Enzi za ukoloni mbao zake zilikatwa na kupelekwa ng'ambo kwenye viwanda vya penseli. Wajerumani nao, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, waliuvuna katika msitu wa Shume milimani Usambara, wakajenga njia ya kamba za chuma kuteremsha magogo hadi bondeni kwenye reli.

Sisi tuliokulia milimani tunaujua mtarakwa kama nguzo za ua, kwa sababu mchwa hauuwezi. Babu yangu alikuwa na ua wa mtarakwa ambao umesimama hata baada yake. Sikuwahi kujua kwamba mti uleule ulipanda meli ukaenda kuwa penseli, pengine mingine ikarudi hapa kuuzwa kwenye maduka ya vitabu.

RABA, KWA UFUPI

Kabla ya raba watu walifuta kwa vipande vya mkate. Mwaka 1770 Joseph Priestley (yuleyule wa oksijeni) aliandika kwamba ameona utomvu mgumu wa mpira ukifuta penseli vizuri. Mwaka 1858 Mmarekani Hymen Lipman alipata hataza ya kubandika raba kwenye penseli, lakini mwaka 1875 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta, ikisema kuunganisha vitu viwili vilivyopo, kila kimoja kikiendelea na kazi yake ya zamani, si uvumbuzi. Wanaopigania hataza za programu siku hizi wangesoma hukumu ile.

HISABATI ILIYOFICHWA KWENYE KARATASI

Nilipokuwa chuoni nilichapisha mamia ya kurasa za A4 bila kujiuliza kwa nini ni milimita 210 kwa 297. Kwa nini si 200 kwa 300? Jibu ni zuri sana.

Mwaka 1786 profesa wa Kijerumani, Georg Christoph Lichtenberg, aliandika katika barua kwamba karatasi ambayo urefu wake ni upana mara kipeuo cha pili cha 2 (yaani 1.414) ina tabia ya pekee: ukiikunja katikati, nusu yake ina umbo lilelile. Hakuna uwiano mwingine wenye tabia hiyo. Mwaka 1922 Walter Porstmann akatumia wazo hilo kuunda kipimo cha Ujerumani, DIN 476. Alianza na A0 yenye eneo la mita mraba 1 (milimita 841 kwa 1189). Ikunje mara moja upate A1, mara mbili A2, na kuendelea. A4 ni moja ya kumi na sita ya A0. Mwaka 1975 kikawa kipimo cha kimataifa, ISO 216.

Ndiyo maana mashine ya fotokopi ina kitufe cha 71% na cha 141%. Si namba za kubahatisha, ni kipeuo hicho hicho.

Sasa ona hii. Mjomba alinitolea kisanduku chake cha kalamu za wino. Zimeandikwa 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Nilimwambia namba hizi hazina mpangilio. Akaniambia, "Wewe si ulisomea hesabu, mpwa? Zidisha." Nikazidisha. Kila namba ni iliyotangulia mara 1.414! Ukichora kwenye A1 kwa kalamu ya 0.7, kisha mchoro ukapunguzwa kuwa A2, mstari unakuwa karibu 0.5, na unaweza kuendelea kurekebisha kwa kalamu ya 0.5 bila mtu kutambua. Hata urefu wa herufi umepangwa hivyo: 2.5, 3.5, 5, 7, 10. Karatasi, kalamu na maandishi, vyote vinatumia kanuni moja. Nimeandika programu miaka kadhaa na sijawahi kuona mfumo uliopangwa kwa usafi kama huu.

KALAMU NA KEMIKALI

Zamani wino wa ramani ulichorwa kwa kalamu yenye midomo miwili ya chuma na skrubu ya kupanua au kubana mstari. Tone moja likidondoka, siku yako imeharibika. Mwaka 1928 kampuni ya Rotring ilianzishwa Hamburg, na mwaka 1953 ikatoa Rapidograph, kalamu yenye bomba jembamba na waya ndani yake, inayotoa mstari wa unene uleule siku zote. Kwenye vipimo vya ISO kila unene una rangi yake kwenye kalamu: 0.25 nyeupe, 0.35 njano, 0.5 kahawia, 0.7 buluu. Zina adui mmoja tu, uvivu. Ukiiacha bila kuiosha, wino unakauka ndani na kalamu inakufa.

Kuhusu kunakili, mwaka 1842 John Herschel alivumbua njia ya kupiga chapa kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua. Mchora ramani aliweka mchoro wake wa karatasi angavu juu ya karatasi yenye dawa, akaanika juani, akaosha kwa maji. Ikatoka mistari myeupe juu ya buluu. Baadaye, katikati ya karne ya 20, njia hiyo ilipisha nyingine iliyotumia mvuke wa amonia na kutoa mistari ya rangi juu ya karatasi nyeupe. Mjomba anasema chumba cha kuchapia ofisini kwao kilikuwa kinawasha macho kama unamenya vitunguu mchana kutwa.

KISHA TUKAJA SISI

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, programu iliyomruhusu mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1982 ikatoka AutoCAD, na kuchora kwa kompyuta kukashuka kutoka kwenye mashine za mamilioni hadi kwenye kompyuta ya mezani.

Lakini tazama jinsi penseli ilivyoingia ndani ya kompyuta na kujificha. Plota za miaka ile zilishika kalamu halisi za wino. Lugha ya kuziamrisha, HP-GL, ilikuwa na amri kama SP (chagua kalamu), PU (inua kalamu) na PD (shusha kalamu). Katika AutoCAD rangi ya mstari ndiyo iliyoiambia plota itumie kalamu gani, na ofisi nyingi bado hupanga unene wa mistari kwa rangi. Leo ukiandika moveTo na lineTo kuchora kwenye kivinjari, unainua kalamu na kuishusha. Nimefanya hivyo mara elfu bila kujua mkono wa nani uko nyuma yake.

Mkono wa kina Mjomba. Ofisi yao ilikuwa na wachora ramani watano. Kompyuta ilipofika miaka ya 1990, walibaki wawili, na yeye hakuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa sijazaliwa bado. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili nilimwona bado ana ule ubao wake wa kuchorea, nikamwambia kwa mzaha kwamba programu moja ndogo ingefanya kazi yake ya wiki kwa dakika. Hakunijibu siku ile. Alinijibu mwaka jana, tukiwa tumekaa na mdogo wangu mezani.

"Mpwa, kompyuta haikunishinda kwa kuchora. Ilinishinda kwa kufuta. Mteja akisogeza mlango, mimi nilikwangua wino kwa wembe saa nzima, na karatasi ikitoboka naanza upya. Hiyo yenu inafuta kwa kidole kimoja."

Nimefikiria sana maneno hayo. Ni kweli. Tunajisifia uwezo wa kuunda, kumbe kilichobadilisha kazi ya watu ni uwezo wa kurudi nyuma.

ALICHOKIFANYA MJOMBA

Sasa turudi kwenye ile sekwea. Mjomba aliweka rula ya T kwenye ubao, akaegemeza sekwea juu yake, akachora mstari wa wima wa sentimita 30. Kisha akaigeuza sekwea upande wa pili, kama unavyogeuza chapati, akachora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Kama pembe mraba ni ya kweli, mistari hiyo miwili inalaliana na kuwa mmoja. Yetu iliachana juu kwa karibu milimita 5.

Kugeuza huzidisha kosa mara mbili, kwa hivyo kosa halisi lilikuwa milimita 2.5. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini kwenye mchoro wa kipimo cha 1:100, milimita 2.5 ni sentimita 25 za ukuta. Robo mita! Hakuna mwanafunzi anayeweza kufunga kona kwa kifaa cha namna hiyo hata akiwa mwangalifu vipi. Mzembe hakuwa mdogo wangu. Mzembe nilikuwa mimi niliyenunua bila kupima.

KAMA UNANUNUA, SOMA HAPA

Haya ndiyo niliyojifunza kwa Mjomba na kwa kusoma. Sitataja bei wala maduka, kwa sababu hubadilika.

1. Penseli. Kwa uchoraji wa kiufundi nunua 2H ya mistari ya kujengea, H au F ya mistari ya mwisho, na HB ya maandishi. Kwa wachoraji wa picha, HB, 2B, 4B na 6B zinatosha kuanzia. Usinunue seti ya daraja 20, nyingi zitabaki mpya. Kabla ya kulipa, tazama mwisho wa penseli: kijiti cheusi kiwe katikati kabisa ya mti. Kikiwa kimeegemea upande, kitavunjika kila ukichonga. Na usiangushe penseli sakafuni. Kwa nje huonekana nzima, kumbe ndani imevunjika vipande vitatu.

2. Sekwea na rula ya T. Pima kwa kugeuza kama nilivyoeleza. Chukua karatasi na penseli uende nazo dukani. Muuzaji akikataa, ondoka. Chagua plastiki angavu, nene kiasi, yenye kingo zisizo na mikwaruzo.

3. Bikari. Chukua yenye skrubu katikati inayoshikilia miguu. Ile ya kwenye visanduku vya jometri vya shule ya msingi hulegea, duara linaanzia hapa na kuishia kule. Jaribu hivi: chora duara lilelile mara tatu. Likibaki mstari mmoja, nunua.

4. Rula ya vipimo, ile ya pande tatu. Hakikisha ina 1:20, 1:50, 1:100 na 1:200. Ni ya kupimia tu. Usiitumie kuchorea mistari, utaharibu alama zake.

5. Karatasi. Uzito wake ni gramu kwa mita mraba. Ya kuchapia kawaida ni 80. Ya kuchorea tafuta kuanzia 120 kwenda juu, vinginevyo raba itaitoboa. Na kuna ujanja mdogo: kwa kuwa A4 ni 1/16 ya mita mraba, karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Ukiiweka kwenye mizani na ikasoma kilo 2.2, umeuziwa karatasi nyepesi au zimepungua. Nimefanya jaribio hili ofisini kwetu, na msimamizi wa stoo hanipendi tena :-)

6. Raba. Chukua ile nyeupe laini ya plastiki. Za rangi zilizo ngumu hupaka badala ya kufuta. Ya kwenye kichwa cha penseli isahau kabisa.

7. Kalamu za wino. Tatu zinatosha: 0.25, 0.35 na 0.5. Kama huna nidhamu ya kuosha, nunua zile za kutupa zenye ncha laini, pesa zako zitakaa salama zaidi.

Kama fedha ni kidogo, bana kwenye penseli na kalamu, usibane kwenye sekwea, rula ya T na bikari. Penseli mbaya hukupa mstari mbaya unaouona. Sekwea mbaya hukupa mstari mzuri ulio wa uongo. Sisi waandishi wa programu tunajua ni hitilafu ipi kati ya hizo mbili iliyo hatari zaidi.

KWA NINI UJIFUNZE KWA MKONO LEO?

Swali hili nimemuuliza mdogo wangu, maana kozi yenyewe itamfikisha kwenye kompyuta muhula ujao. Aliniambia kwamba kwenye skrini unaweza kukuza na kupunguza bila mwisho, kwa hivyo hujui kitu ni kikubwa kiasi gani. Wenzake walioanza na kompyuta huchora ngazi ambayo mguu hauwezi kukanyaga, na hawagutuki. Kwenye karatasi ya 1:50 mkono wako unajua kwamba mlango ni kama urefu wa kidole gumba chako hadi kifundo. Mimi nimeridhika na jibu hilo.

Mjomba alimpa sekwea zake, bikari yake ya chuma na kile kisanduku cha kalamu. Kalamu mbili zilikuwa zimeziba. Tuliziloweka usiku kucha kwenye maji vuguvugu, moja ikafufuka. Michoro aliirudia yote miwili, na safari hii ikapokelewa. Alama zilikatwa kwa kuchelewa, na hilo ni deni langu kwake. Mwalimu hakuomba radhi kwa lile neno la uzembe, lakini siku hizi, mdogo wangu anasema, anawaambia wanafunzi wapya wageuze sekwea kabla ya kuanza.

Nami nilimwomba Mjomba msamaha kwa ule mzaha wa miaka ile. Alisema hakumbuki. Nadhani anakumbuka.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Kama nyumbani kwenu kuna kisanduku cha zamani cha vifaa vya kuchora chini ya kitanda cha mzee fulani, usikitupe. Kiulizie habari zake, na umuulize mwenyewe angali yupo. Toleo lijalo tunarudi kwenye mambo ya seva, naahidi. Kwaherini.